Dipoziti ya Nyumba ya Kwanza: Iwekwe Wapi, Ikabidhiwe Nani

Mfanyakazi anayelipwa Sh40,000 kwa mwezi hukatwa Sh600 za Ushuru wa Nyumba za Bei Nafuu, na mwajiri wake huongeza Sh600 nyingine. Kwa mwaka mzima hizo ni Sh14,400. Si ajabu basi kumsikia mtu akisema kwamba dipoziti yake "inajengeka kwa serikali". Haijengeki. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, makato hayo ni ushuru kama ushuru mwingine wowote. Yanajenga nyumba, lakini hayahesabiwi kuwa akiba ya aliyekatwa. Siku anapotaka kununua moja ya nyumba hizo, malipo ya awali atayatoa mfukoni mwake.

Sheria hiyo iliweka malipo ya awali kuwa asilimia 10 ya bei ya nyumba. Iliwagawa pia wanunuzi kwa mapato. Wenye mapato chini ya Sh20,000 kwa mwezi wanalengwa na nyumba za jamii, walio kati ya Sh20,000 na Sh149,000 wanalengwa na nyumba za bei nafuu, na wanaozidi hapo wana kundi lao. Anayejipanga kwa asilimia 10 hatapata hasara mradi fulani ukidai kiasi kidogo zaidi. Atabaki na pesa za kununulia jiko na pazia.

Hesabu kabla ya ndoto

Chukua nyumba ya chumba kimoja yenye bei ya Sh640,000. Dipoziti yake ni Sh64,000. Mama mboga anayeweka kando Sh100 kila siku ataifikia baada ya siku 640, yaani mwaka mmoja na miezi tisa hivi. Asipofungua kibanda Jumapili, ni wiki 107, miaka miwili na ushei. Hizo ni siku nyingi, lakini zinahesabika, na mwenye kibanda anaweza kuzichora kwenye kalenda.

Sasa chukua nyumba ya Sh2,000,000 inayouzwa na mtu binafsi mjini, nje ya mpango wa serikali. Asilimia 10 ni Sh200,000, na mkopeshaji anaweza kudai asilimia 20. Wengi husimamisha hesabu hapo. Kuna ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo mjini na asilimia 2 kwa mali ya mashambani. Kwa nyumba hii ni Sh80,000. Hivyo mnunuzi anahitaji Sh280,000 kabla ya kumlipa wakili, mthamini na gharama za mkopo wenyewe. Akiweka Sh5,000 kwa mwezi, Sh200,000 zitachukua miezi 40, na Sh280,000 miezi 56. Tofauti ya miezi 16 ndiyo huwafanya watu waahirishe ununuzi wakiwa wameshaagana na mwenye nyumba wao wa kupanga.

Anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu amesamehewa ushuru wa stempu. Hiyo ni sababu nzuri ya kuulizia miradi hiyo kwanza kabla ya kutafuta kwingine.

Bei nayo haisimami kumngoja mwenye akiba. Nyumba ya Sh2,000,000 ikipanda bei kwa asilimia 5 tu kila mwaka, baada ya miaka minne itakuwa imefika Sh2,430,000 hivi, na dipoziti ya asilimia 10 itakuwa Sh243,000. Kwa hivyo lengo lipitiwe upya kila Januari, pamoja na ile hesabu chungu ya karo.

Mahali pa kuweka pesa

Pesa za dipoziti zikikaa kwenye simu pamoja na pesa za unga, zitaliwa na unga. Kanuni ya kwanza ni kuzitenga: akaunti yake, jina lake, na makato ya kujiendesha siku ya mshahara kabla ya matumizi mengine kuamka. Wakati huo huo kuwe na akiba ndogo ya dharura mahali pengine, hata kama ni ya mwezi mmoja tu wa matumizi. Asiye na akiba ya dharura huifanya dipoziti kuwa akiba ya dharura, na ugonjwa wa mtoto mmoja hurudisha kazi ya miaka miwili mwanzo.

Chama cha mzunguko husaidia nidhamu, kwa sababu ni vigumu kuwakwepa majirani. Lakini hakizai riba, na anayepokea zamu ya kwanza huwa na kishawishi kikubwa cha kununua kochi. Akaunti ya muda maalumu benkini huzaa riba, na pesa za mteja katika benki yenye leseni zina ulinzi wa Shirika la Bima ya Amana hadi Sh500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Mifuko ya uwekezaji wa soko la fedha, inayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, huruhusu kuanza na kiasi kidogo na kutoa pesa ndani ya siku chache. Riba yake hukatwa kodi ya asilimia 15, na mifuko hiyo haina ulinzi wa bima ya amana. Mwenye kiasi kikubwa zaidi anaweza kununua hati za hazina za siku 91, 182 au 364 kutoka Benki Kuu. Zinamfaa hasa aliyebakiza chini ya mwaka mmoja, kwa sababu anajua tarehe pesa zitakaporudi.

Jukwaa la serikali la Boma Yangu nalo lina nafasi ya kuweka akiba ya hiari kidogo kidogo kuelekea dipoziti. Mkaazi hujisajili kwa kitambulisho cha taifa na namba ya PIN ya KRA.

SACCO inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo njia inayopendwa na walimu, wauguzi na wahudumu wa matatu, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Akiba ya mwanachama ndani ya SACCO kwa kawaida ni dhamana ya mikopo. Haitolewi nusu nusu. Mwanachama huipata yote anapojiondoa, baada ya kutoa ilani na baada ya wale aliowadhamini kulipa au kupata mdhamini mwingine. Mtu anaweza kuwa na Sh200,000 katika taarifa yake ya SACCO na asiweze kutoa hata Sh20,000 siku ya kutia saini mkataba.

Kinachofanyika mara nyingi ni kukopa. SACCO nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Mwenye akiba ya Sh100,000 hupata Sh300,000 na kuzifanya dipoziti. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, na muda wa miezi 48, atalipa karibu Sh7,900 kila mwezi. Hapo hapo atakuwa anaanza kulipia nyumba yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa mwenye Sh40,000, makato yote pamoja hayapaswi kupita Sh26,667, na ndani ya kiasi hicho kuna kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya na ushuru wa nyumba. Mkopo wa SACCO ukichukua Sh7,900, nafasi iliyobaki kwa mkopo wa nyumba hupungua kwa kiasi hicho hicho. Mkopeshaji ataiangalia hati ya mshahara na kumpa kidogo, au kumkatalia kabisa.

Hii haimaanishi SACCO haifai. Anayeijua kanuni hiyo huweka akiba ya dhamana kwa ajili ya mkopo wa nyumba wenyewe, na dipoziti huiweka katika akaunti ya kawaida inayotoleka, hata kama ni ndani ya SACCO hiyo hiyo. Baadhi ya SACCO hutoa mikopo ya nyumba ya muda mrefu kwa fedha kutoka Kampuni ya Kenya ya Ufadhili wa Mikopo ya Nyumba, KMRC, ambayo haimkopeshi mwananchi moja kwa moja bali hupitia benki na SACCO. Kabla ya kuweka hata shilingi moja, mwanachama athibitishe kwamba SACCO yake imo katika orodha ya zenye leseni inayochapishwa na mamlaka ya SASRA.

Aliye na mpango wa pensheni kazini ana njia nyingine. Tangu mwaka 2020, mwanachama anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake ya pensheni, isiyozidi Sh7,000,000, kununua nyumba ya kuishi. Mwenye umri wa miaka 32 ana muda wa kujaza pengo hilo. Mwenye miaka 55 afikirie mara mbili, maana nyumba haimnunulii mtu dawa.

Siku ya kutoa pesa

Akiba ya miaka minne inaweza kupotea kwa alasiri moja. Kinachotangulia ni upekuzi rasmi wa hatimiliki katika usajili wa ardhi, au kwa njia ya mtandao kupitia Ardhisasa kwa maeneo yaliyoingizwa humo. Upekuzi huonyesha mwenye mali ni nani, na kama kuna mkopo au zuio juu yake. Nakala ya upekuzi iliyoletwa na muuzaji haitoshi. Mnunuzi afanye wake.

Kama nyumba ni makao ya ndoa, idhini ya maandishi ya mke au mume wa muuzaji inahitajika. Kama ni ploti iliyo katika ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya usimamizi wa ardhi lazima iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe, la sivyo mauzo huwa batili. Mnunuzi ana haki ya kudai alicholipa kama deni, lakini kudai na kulipwa ni safari mbili tofauti.

Katika mauzo ya kawaida, asilimia 10 hulipwa wakati wa kutia saini mkataba, na salio hulipwa ndani ya siku 90. Dipoziti hiyo ishikiliwe na wakili wa muuzaji kwa niaba ya pande zote mbili, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba. Isipelekwe kwa muuzaji mwenyewe, wala kwa dalali. Mnunuzi anayetegemea mkopo aombe kifungu kinachosema dipoziti itarudishwa iwapo mkopo utakataliwa. Bila kifungu hicho, kukataliwa na benki kunaweza kuhesabiwa kuwa mnunuzi amevunja mkataba.

Nyumba ambayo bado haijajengwa ina hatari zaidi, kwa kuwa dipoziti huingia kwenye saruji na mabati ya mjenzi. Hapa mnunuzi aombe kuona kibali cha ujenzi kilichotolewa na serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na usajili wa mkandarasi katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mchoro wenye rangi nzuri ubaoni kando ya barabara si kibali.

Kwa nyumba za mpango wa serikali, malipo hufanywa kwa njia rasmi zilizotajwa kwenye akaunti ya mwombaji ya Boma Yangu. Anayeomba "kitu kidogo" ili jina lipande juu kwenye orodha, au anayetaka dipoziti itumwe kwa namba yake binafsi ya simu, anaiba.

Muuzaji wa mali inayolipiwa kodi ya ardhi aombwe pia cheti cha kutodaiwa kodi hiyo, kinachotolewa na kaunti. Bila cheti hicho uhamisho hausajiliwi, na deni la miaka kumi laweza kuibuka mezani wiki ya mwisho. Mkaazi anaweza kuulizia hali ya ploti katika ofisi ya mapato ya kaunti, na uhalali wa kibali cha ujenzi katika ofisi ya mipango. Aje na namba ya ploti na kitambulisho chake, na aje kabla ya kutia saini.