Kabla ya kununua mashini ya kuchapa vikombe: anzeni na kikombe

SOMO KWA VIKUNDI VYA KOPERATIVE



Katika koperative nyingi za kahawa za Kivu, kiisha musimu wa kuuzisha, wazo moja linarudia mu mukutano: «Tununue mashini, tuchape vikombe sisi wenyewe.» Wazo hilo si baya. Mugeni anayekunywa kahawa ya Idjwi, ya Kalehe ao ya Minova mu kikombe chenye jina la wakulima, anarudi kwake na jina hilo. Tena kuko arusi, ubatizo, promosio ya wanafunzi na tarehe 8 ya mwezi wa 3, siku ya wanawake. Wote hao wanaweza kuwa wateja.

Lakini feza ya mashini inatoka mu sanduku moja na feza ya kutengeneza meza za kukaushia, ya kununua nyavu mupya na ya kulipa wenye kubeba kahawa mpaka ku stasio ya kuosha. Mashini iliyonunuliwa vibaya inakaa mu kona ya depo, imefunikwa na kitambaa, na wanamemba wanaanza kuangalia komite na jicho mubaya. Somo hili ni juu ya kuepuka jambo hilo.

Fundisho lake ni moja: mashini njo kitu cha mwisho kununua. Cha kwanza ni kikombe chenyewe.

1. Namna rangi inashika ku kikombe

Njia inayotumiwa sana mu nyumba na mu maduka madogo inaitwa sublimasio. Picha inachapwa kwanza ku karatasi, na wino ya namna ya pekee. Karatasi hiyo inafungwa ku kikombe, kiisha inabanwa mu presi yenye moto mukali. Wino inageuka kuwa muvuke bila kupita mu hali ya maji, na muvuke huo unaingia ndani ya ngozi nyembamba ya plastiki iliyopakwa juu ya kikombe. Kikombe kikipoa, rangi imefungwa humo.

Ile ngozi ndiyo inabeba kazi yote. Kikombe cha udongo cha kila siku, kile munakutana nacho ku soko, hakina ngozi hiyo. Mukichapa juu yake, rangi itakuwa hafifu na sabuni ya kwanza itaiondoa. Si kosa la mashini wala la fundi. Rangi haikupata mahali pa kuingia.

Jambo la pili: wino hii haina rangi nyeupe, na inapitisha mwangaza. Sehemu nyeupe ya picha yenu ni weupe wa kikombe chenyewe. Kwa hiyo chagueni kikombe cheupe. Ku kikombe cheusi ao cha kahawia, picha haitaonekana.

2. Kuchagua vikombe

Mukienda kwa muuzaji wa Goma, Bukavu ao ngambo ya mupaka, museme wazi: «Tunataka vikombe vya sublimasio, vyenye vimepakwa tayari.» Macho peke haitoshi kuvitambua. Musinunue karto nzima siku ya kwanza. Nunueni viwili ao vitatu, muvichapishe, kiisha muvioshe kwa majuma mawili mbele ya kuamua.

Kipimo kinachopatikana kwa urahisi ni kikombe cha mililita 330 hivi, chenye urefu wa karibu santimetre 9 na nusu na upana wa santimetre 8. Presi nyingi ndogo zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Mukipenda kikombe kikubwa zaidi, cha mililita 440, muulize kama presi inakiingiza. Kikombe chenye tumbo ao chenye kupungua chini hakibanwi vizuri: karatasi inagusa upande mumoja na kuacha mwingine. Kwa kuanza, chagueni kikombe chenye kunyooka.

Pitisheni kidole juu ya kila kikombe. Mukisikia vidonda ao matone ya rangi iliyokauka, kirudisheni. Mukumbuke pia barabara zetu: udongo unavunjika. Ulizeni kama kila kikombe kiko mu karto yake ndogo. Karto hiyo itawasaidia tena wakati wa kumupelekea muteja.

3. Wino, emprimante na karatasi ni familia moja

Emprimante ya laser haifai. Hata emprimante za wino hazifai zote. Kuko zile zinazopasha wino moto ili kuirusha ku karatasi. Hizo hazipatane na wino ya sublimasio. Zinazofaa zinasukuma wino bila moto, kama vile Epson zenye matangi madogo ya wino ku upande. Wachapaji wengi wanatumia hizo, lakini mujue mambo matatu mbele ya kulipa:

- Emprimante inapashwa kuwa mupya, isiyotiwa bado wino ya kawaida. Wino mbili zikichanganyika, rangi inaharibika.
- Mukiisha kutia wino ya sublimasio, hamutaitumia tena kwa barua na ripoti za koperative. Ile ya biro iachwe ku kazi yake.
- Mukitia wino ambayo haikutoka kwa mwenye kutengeneza emprimante, garanti inaweza kukatwa.

Emprimante hii haipendi kupumuzika. Ikikaa majuma mengi bila kazi, wino inakauka mu matundu madogo na kuyaziba. Mutu mumoja apewe kazi ya kuchapa ukurasa mudogo wenye rangi zote kila juma, hata kama hakuna komande.

Karatasi pia ni ya sublimasio, si ile ya kufotokopia. Inakamata unyevu haraka. Munajua kahawa ya parche: munaikausha mpaka asilimia 12, lakini mukiiacha mu depo yenye unyevu, inakunywa maji tena. Karatasi iko vile vile. Wakati wa mvua, iwekeni mu mufuko wa plastiki uliofungwa, mbali na sakafu. Karatasi yenye unyevu inatoa mawingu na matone ku picha.

4. Presi na moto wa umeme

Presi ya kikombe inafanya kazi kati ya digri 180 na 200, kwa dakika 3 hivi. Kila mashini na kila wino iko na maagizo yake. Fuateni hayo kwanza, kiisha muandike mu kaye namba zilizowapa picha muzuri. Chagueni presi yenye kuonyesha digri na yenye saa inayolia wakati ukiisha. Mushikamisho wake unapashwa kubana sawasawa pande zote.

Presi ndogo ya kikombe kimoja inakula wati 300 mpaka 400. Ile kit ya jua ya taa na telefone haiwezi kuibeba. Kama muko na pano kubwa, bateri na konvertisere, muonyeshe fundi wenu namba iliyoandikwa nyuma ya presi na umuombe ahesabu pamoja na ordinatere na emprimante. Kama munatumia grupe, bei ya mafuta inaingia mu bei ya kikombe.

Kama muko ku laini ya umeme, kumbukeni kwamba voltage inapanda na kushuka. Umeme ukikatika katikati ya dakika zile 3, kikombe hicho kimepotea. Stabilizatere muzuri kwa emprimante na ordinatere si luxe. Tena chapeni mu saa ambazo umeme unatulia kwenu. Mafundi wa kusaga unga wa kijiji wanazijua saa hizo.

5. Vitu vidogo vinavyosahauliwa

- Skochi inayovumilia moto mukali. Skochi ya biro inayeyuka. Karatasi ikicheza kidogo tu, picha inapata kivuli.
- Ganti nene za kukinga mikono. Kikombe kikitoka mu presi kinaunguza.
- Karatasi nyeupe ya kufunika, ili wino isiguse presi.
- Kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kwa kupanguza kikombe. Mafuta ya vidole yanazuia rangi.
- Meza imara, mu chumba chenye madirisha wazi juu ya harufu na muvuke, na mbali na watoto.
- Picha iliyo wazi. Logo iliyotumwa mara kumi ku telefone itatoka na ukungu. Ombeni ile ya kwanza.

Mbele ya kuchapa, geuzeni picha kama vile mu kioo. Wengi wamesahau hiyo siku ya kwanza, na jina la koperative likasomwa kinyume.

6. Hesabu

Bei hizi ni za mufano tu. Muweke zile za soko yenu.

Karto ya vikombe 36, kila kimoja dola 2: dola 72.
Usafiri na mupaka: dola 18.
Karatasi, wino na skochi: dola 10,80.
Umeme ao mafuta: dola 7,20.
Malipo ya muchapaji: dola 18.
Jumla: dola 126.

Wengi wanagawanya 126 kwa 36 na kusema: «Kikombe kinatugharimu dola 3,50.» Lakini kimoja kilivunjika mu njia, viwili viliharibika mu presi na kimoja kilibaki cha kuonyesha wateja. Vya kuuzisha ni 32. Kwa hiyo bei ya kweli ni dola 3,94.

Sasa tuseme presi, emprimante, stabilizatere na vitu vidogo vilikula dola 400. Mukiuzisha kikombe dola 6, munabaki na dola 2,06 hivi kwa kila kimoja. Munapashwa kuuzisha karibu vikombe 195 ili zile 400 zirudi. Mukiuzisha dola 5, ni karibu 380. Mu kijiji chenu, wateja 380 wako wapi? Andikeni majina yao: parokia, masomo, vikundi vya akina mama, mahoteli, wanunuzi wa kahawa.

Tuchukue koperative ingine inayohitaji vikombe 40 tu kwa mwaka, kwa ajili ya wageni wake. Studio ya muji inawaomba dola 4,50 kwa kikombe kilichochapwa tayari. Mukichapa wenyewe munaokoa senti 56 kwa kila kimoja, maana yake dola 22 kwa mwaka. Zile dola 400 zitarudi kiisha miaka 18! Koperative hiyo isinunue mashini. Ipeleke komande yake studio, na feza iende ku meza za kukaushia. Huko si kushindwa, ni hesabu.

7. Jaribio la miezi mitatu

(a) Chapisheni vikombe 12 ku studio ya muji. Mutoe picha mbili tofauti.
(b) Vichukue viwili, muvioshe kila siku namna tunaosha kwetu. Mutaona kwamba sifongo laini haiharibu kitu, lakini muchanga, majivu na chuma ya kusugulia vinakwangua ngozi. Muwaambie wateja jambo hilo, hata kama hawakuuliza.
(c) Uzisheni vilivyobaki, na muandike nani alinunua, kwa bei gani, na nani aliuliza tena.
(d) Mukipata komande zilizolipwa nusu mbele, zaidi ya vikombe 100, njo wakati wa kuleta jambo la mashini mbele ya mukutano mukubwa.
(e) Mbele ya kulipa, muuzaji awachapie kikombe kimoja mbele ya macho yenu, na wino ileile, karatasi ileile na presi ileile munayonunua. Muulize pia ni wapi mutapata wino na vikombe mwezi ujao.

Neno la heshima: musichape sura ya mutu bila ruhusa yake, zaidi sana ya mutoto. Logo ya timu ya mupira ao ya kampuni iko na mwenyewe.

8. Picha ikiharibika, angalieni hapa

Rangi hafifu: moto ao wakati ulikuwa mudogo, ao kikombe hakina ngozi.
Rangi ya kahawia, kama imeungua: moto ao wakati ulizidi.
Upande mumoja mweupe: presi haibani sawasawa.
Kivuli: karatasi ilicheza.
Mawingu na matone: karatasi ao kikombe kilikuwa na unyevu.

Badilisheni kitu kimoja tu kila mara. Mukibadilisha moto na wakati pamoja, hamutajua ni nini kilitengeneza.

Maulizo ya kuzungumzia mu mukutano

1. Tunahitaji vikombe vingapi kwa mwaka, na nani atavilipa?
2. Duka gani la karibu linauzisha vikombe vyenye vimepakwa? Ikikosa, tutafanya nini?
3. Nani atachunga kaye ya hesabu, na nani atachapa ukurasa wa kila juma?
4. Dola 400 hizo zingefanya kazi gani ingine ku stasio yetu?

Ulizo la nne musiliruke. Kama kiisha kulijibu wanamemba wanasema bado «tununue», basi nunueni bila woga: munajua munachofanya.