HEWA NA MVUA KATIKA NCHI YA MASASI NA NEWALA

Kila mkulima hutazama mbingu kabla ya kushika jembe, lakini si kila atazamaye hufahamu. Katika somo hili twapenda kueleza kwa ufupi hewa ni nini, mvua hutoka wapi, na kwa nini mvua ya kwanza ya mwaka huwadanganya watu wakapoteza mbegu zao.

Hewa ni nini

Hewa haionekani, lakini ina uzito kama maji yalivyo na uzito. Huko pwani kila sentimita moja ya mraba hulemewa na hewa ipatayo kilo 1. Hatuusikii uzito huo kwa sababu hewa hutusukuma pande zote sawasawa. Tukiigawa hewa kavu katika mafungu 100, mafungu 78 ni naitrojeni, karibu 21 ni oksijeni, nayo ndiyo tuivutayo katika pumzi na ndiyo iwashayo moto. Lililobaki ni mchanganyiko wa gesi nyingine. Tena ndani ya hewa umo mvuke wa maji, nao ndio asili ya umande, ukungu, mawingu na mvua.

Hewa ikipanda juu hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa kawaida kila tupandapo meta 1,000 joto hupungua kiasi cha nyuzi 6. Mji wa Newala uko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, zaidi ya meta 700 juu ya bahari. Masasi iko chini zaidi, kati ya vilima vya mawe. Ndiyo maana atokaye Masasi akafika Newala jioni hutafuta nguo nzito. Na hewa yenye mvuke ikipandishwa ukingoni hupoa, mvuke ukawa matone madogo sana: huo ndio ukungu tuuonao asubuhi.

Mvua hutoka wapi

Jua hupasha joto uso wa bahari ya Hindi, mvuke ukapanda, nao upepo huuchukua hata bara. Tangu Aprili mpaka Septemba hivi huvuma Kusi, na kwetu ndio wakati wa kiangazi na ubaridi. Kisha jua huelekea kusini. Hupita utosini mwetu karibu na tarehe 22 Oktoba, na tena likirudi karibu na tarehe 20 Februari. Pepo hulifuata jua. Kaskazi huja, hukutana na pepo nyingine katika sehemu zetu za kusini, na hewa iliyokutana haina njia ila kupanda juu. Ikipanda hupoa, nayo mvua hunyesha. Basi masika yetu ni moja tu kwa mwaka, tangu Novemba au Desemba hata Aprili.

Hali ya hewa na tabia ya nchi

Mambo haya mawili yasichanganywe. Hali ya hewa ni habari ya leo na kesho: jua, upepo, mvua. Tabia ya nchi ni desturi yake kwa miaka mingi. Wataalamu huhesabu miaka 30. Mtu mpole aweza kukasirika siku moja, wala hatumwiti mkali. Vivyo hivyo, katika Aprili 1952 tufani kubwa iliipiga Lindi, lakini hatusemi kwamba Lindi ni nchi ya tufani.

Hapa ndipo mbegu zipoteapo. Mvua ya kwanza katika Novemba aghalabu huja na ngurumo, ikalowesha shamba moja na kuliacha la jirani. Mtu hufurahi, hupanda mahindi yote aliyoweka akiba. Kisha jua huwaka majuma mawili, na mchanga wa uwanda wa Makonde haushiki maji. Miche hufa, na ghala ni tupu. Mvua ile ilikuwa hali ya hewa ya siku moja, wala si kuingia kwa masika. Afadhali kungoja mpaka zipatikane milimita 20 katika siku mbili au tatu, na kuchimba kidogo kuona kama unyevu umeshuka chini. Hata hapo, yafaa kuweka mbegu nyingine akiba.

Mchanga huo huo ndio ufanyao uwanda usiwe na mito, ingawa mvua yapata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Maji huzama, hutokea mabondeni, na akina mama wa zamani walishuka na kupanda magenge wakiyachukua kichwani. Lakini milimita 1 ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita 1. Paa la bati la meta 50 za mraba hupokea lita 50,000 kwa mwaka wa namna hiyo. Hata zikipotea nyingi, zitakazosalia si haba, kama pana mfereji na tangi.

Kazi ya shule

Twawashauri walimu watwae kopo lenye pande zilizosimama wima, waliweke mahali peupe mbali na miti na nyumba, na wanafunzi wapime kina cha maji kwa rula kila siku saa tatu asubuhi, waandike, kisha wamwage. Ukubwa wa mdomo wa kopo haudhuru hesabu. Kumbukumbu ya wazee ni hazina, lakini joto la dunia limezidi zaidi ya nyuzi 1 tangu karne ya 19, na desturi za mvua nazo zaweza kugeuka. Daftari la shule, likisomwa pamoja na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, litawasaidia wazee na wakulima kujua wakati wa kupanda. Haba na haba hujaza kibaba.