Mnyama wa Miba wa Tendaguru



Wengi wetu tumesikia habari za "mjusi mkubwa" aliyetoka Lindi akapelekwa Ujerumani. Hata Bungeni habari zake zimezungumzwa zaidi ya mara moja. Lakini je, tunajua kwamba mjusi yule hakuondoka peke yake? Katika ardhi ileile ilichimbwa mifupa ya wanyama wengine wa kale. Leo tujifunze habari za mmoja wao, mnyama aliyejaa miba. Halafu tutaona habari hizi zinatuhusu vipi sisi wa Kikwe, tunaolima na kuchimba visima kila mwaka.

ALIKUWA MNYAMA GANI?

Jina lake la kitaalamu ni Kentrosaurus. Ni jina gumu, basi tulisome polepole: Ken-tro-sau-rus. Limetoka katika lugha ya Kigiriki. Sehemu ya kwanza maana yake ni ncha kali au mwiba. Sehemu ya pili maana yake ni mjusi. Mtaalamu wa Kijerumani, Edwin Hennig, ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1915.

Mnyama huyu yumo katika kundi la wanyama wa kale waitwao dinosaria. Ingawa majina yao yanataja mjusi, wao hawakuwa mijusi. Kuku anayeparua uani kwetu ana undugu wa karibu zaidi na dinosaria kuliko mjusi wa ukutani.

Urefu wake ulikuwa kama mita nne na nusu, tangu mdomo hadi ncha ya mkia. Ni kama ng'ombe wawili wakisimama mmoja nyuma ya mwingine. Uzito wake ulikuwa kama tani moja hivi. Kichwa kilikuwa kidogo na chembamba. Miguu ya nyuma ilikuwa mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo kichwa kilikaa chini, karibu na majani.

Alikula majani tu. Wakati ule nyasi hazikuwapo duniani. Basi yeye alikula mimea mifupi ya zamani, kama vile jamii ya madole yanayoota penye unyevu.

Je, mla majani huyu alijilindaje? Nungunungu ana miba yake na kobe ana gamba lake. Huyu naye alikuwa na silaha zake. Tangu shingoni hadi katikati ya mgongo alikuwa na vibamba vya mfupa, viwili viwili. Kuanzia hapo hadi mwisho wa mkia ilikuwa ni miba mirefu, mingine ikizidi nusu mita. Adui aliyemjia kwa nyuma alikutana na mkia wenye miba.

MFUPA HUGEUKAJE JIWE?

Mnyama huyu aliishi miaka kama 150,000,000 iliyopita. Tuisome namba hiyo: milioni mia moja na hamsini. Andika 150, kisha ongeza sifuri sita.

Zamani hizo Tendaguru ilikuwa karibu na pwani. Wanyama walipokufa, mifupa ya baadhi yao ilifunikwa na tope na mchanga kabla haijaoza. Maji yenye madini yakapenya ndani ya mfupa kidogo kidogo. Madini yakajaza matundu ya mfupa, na mfupa ukawa mzito na mgumu kama jiwe. Mfupa wa namna hii huitwa kisukuku.

Sisi wa Arumeru tusishangae kusikia maji yanabadili mfupa. Sehemu nyingi za kwetu maji yana floraidi nyingi. Mtoto akiyanywa tangu udogoni, meno yake huota yakiwa na rangi ya kahawia. Hiyo ni kazi ya miaka michache tu. Je, miaka milioni mia moja na hamsini?

NANI WALICHIMBA?

Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa karibu na kilima cha Tendaguru. Habari zikafika Ujerumani. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 ukafanyika uchimbaji mkubwa chini ya jumba la makumbusho la Berlin. Mkuu wa kazi alikuwa mtaalamu Werner Janensch, pamoja na yule Hennig.

Lakini mikono iliyoshika majembe ilikuwa ya watu wa kwetu. Kuna wakati vibarua walifika karibu 500. Tukumbuke kwamba Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na watu wa kusini walikuwa wametoka katika njaa kali. Mwaka 1910, Mlima wetu wa Meru ulipotoa majivu kwa mara ya mwisho, wenzetu wa Lindi walikuwa mashimoni wanachimba.

Kazi ilihitaji ujuzi. Mfupa wa kale ni mgumu, lakini ukiutoa vibaya unavunjika vipande vipande. Ilibidi kuondoa udongo polepole, kuufunga mfupa, kuuandikia namba, kisha kuupanga sandukuni. Hapakuwa na gari. Wapagazi walibeba mizigo kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mifupa iliyosafirishwa ilikuwa zaidi ya tani 200. Hebu fikiria, mzigo wote huo ulipita vichwani na mabegani mwa watu.

Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Wajerumani walimtegemea sana kwa ujuzi wake. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Na mwaka 2019 mwingine aliitwa Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera, wenyeji wa sehemu ile. Ni jambo jema, ila lilichukua karibu miaka 100. Na wale mamia wengine? Majina ya wengi wao hatuyasikii popote.

MFUPA NA MAHALI PAKE

Mifupa ya mnyama wa miba ilikutwa imechanganyika, ya huyu na ya yule. Kwa hiyo wataalamu walibishana juu ya mwiba mmoja mrefu. Kwanza waliuweka nyongani. Baadaye wengi wakakubali kwamba mahali pake ni begani. Tena wakati wa Vita Kuu ya Pili mingi ya mifupa yake ilipotea huko Ujerumani. Yule aliyesimamishwa Berlin ameungwa kwa mifupa ya wanyama mbalimbali wa aina hiyo.

Somo lililopo ni hili: mfupa ukitolewa mahali pake bila kuandikwa, nusu ya habari zake zimekwisha kupotea. Hata mtaalamu hawezi kuzirudisha.

SISI WA KIKWE TUFANYE NINI?

Hapa Kikwe tusitegemee kumkuta dinosaria. Udongo wetu umetokana na volkano ya Meru, ambayo ni changa sana kuliko wanyama hao. Lakini majivu ya volkano nayo hutunza mambo ya kale. Huko Laetoli, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wetu huuhuu, mwaka 1978 zilifukuliwa nyayo za viumbe jamii ya binadamu waliotembea juu ya majivu miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita.

Basi ukichimba kisima, choo au msingi wa nyumba, ukakuta mfupa mzito kama jiwe, au zana ya mawe, usiendelee kupiga jembe. Usiuoshe wala usiuuze. Mali ya kale inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, ili habari zifike wilayani kule Usa River na kwa wataalamu. Kama ni mifupa inayoonekana ya mtu wa karibuni, hiyo ni habari ya polisi.

Halafu chukua daftari lako. Andika tarehe, mahali, shimo lina kina gani, na kilichoonekana. Andika pia majina ya wote waliochimba, kila mmoja na jina lake kamili. Kalamu tunayo, tusingoje miaka mia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini mfupa haufai kuondolewa mahali pake kabla ya kuandikwa?
2. Je, mifupa ya Tendaguru irudishwe nyumbani? Ikirudi, itunzwe wapi na kwa gharama ya nani?
3. Katika kijiji chetu, ni kazi gani kubwa zilizofanywa na wazee ambao majina yao hayajaandikwa? Tuyaandike sasa, wakati wanaoyakumbuka bado wapo.