SOMO LA MALEZI: MTOTO NAYE AULIZWE

Mtoto akiumwa tumbo tunamwuliza, "Panauma wapi?" Naye huonyesha kwa kidole. Je, akiwa na huzuni au hofu moyoni, tunamwuliza nani? Mara nyingi tunaulizana sisi wakubwa. Mama anasema lake, mwalimu anasema lake. Mwenyewe hakuulizwa.

Kwa nini tumwulize?

Mtoto mgomvi tunamwona kwa macho. Lakini huzuni na hofu hukaa ndani. Mtoto mwenye huzuni huweza kukaa kimya pembeni, nasi tunamsifu, "Huyu ana adabu, hasumbui mtu." Kumbe usiku hapati usingizi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini kumwuliza si rahisi. Mtoto wa miaka 6 bado hajui kusoma vizuri. Ukimwuliza, "Umekuwa hivi kwa miezi mingapi?" atakutazama tu, maana muda hajui kuuhesabu.

Njia iliyopatikana Kanada

Katika mji wa Montreal, daktari wa akili za watoto, Jean-Pierre Valla, na wenzake walitengeneza maswali ya picha. Kwanza yalikuwa katika karatasi, baadaye yakawekwa katika kompyuta. Yanaitwa Dominic Interactive. Ni ya watoto wa miaka 6 hadi 11.

Kazi yake ni hivi. Mtoto huona picha ya mtoto mwenzake, jina lake Dominic. Picha moja Dominic ana huzuni. Nyingine anaogopa kuachwa na wazazi. Nyingine anagombana na wenzake. Nyingine anacheza kwa furaha. Sauti humwuliza mtoto kama naye yuko hivyo. Mtoto hubonyeza "Ndiyo" au "Hapana", basi. Picha ni kama 90, na kazi yote huchukua kama robo saa. Kisha kompyuta hujumlisha majibu.

Mnamo mwaka 2010 maswali haya yalitumika katika shule za msingi za nchi 7, zikiwamo Italia, Ujerumani na Uturuki.

Tuangalie vizuri

Kompyuta si daktari. Mtoto aweza kubonyeza ovyo, au asielewe picha. Mtoto anayelala na ndugu zake watatu atajibu nini akionyeshwa mtoto anayeogopa kulala chumbani peke yake? Kwa hiyo picha lazima zifanane na maisha ya mtoto. Tena majibu hayasemi, "Huyu ni mgonjwa." Yanasema, "Huyu asikilizwe zaidi." Baada ya hapo mtaalamu huzungumza na mtoto, wazazi na mwalimu.

Sisi tufanye nini?

Hata bila kompyuta tunaweza kuanza:

1. Tumia hadithi au picha. Mwulize, "Huyu mtoto anaogopa nini? Na wewe je?"

2. Uliza swali fupi, moja moja. Mngoje ajibu.

3. Usimcheke wala usimgombeze. Mtoto akisema "Naogopa" akachapwa, kesho hatasema tena.

4. Waulize pia mwalimu na bibi yake. Kila mtu huona upande wake.

5. Mtoto akiacha kula, kulala au kucheza kwa wiki mbili, mpeleke zahanati umweleze mganga. Akisema anataka kufa, usingoje kesho. Usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, mtoto mtulivu si lazima awe mtoto mwenye raha. Leo jioni, kabla hajalala, kaa naye umwulize.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini mtoto mwenye huzuni huweza kusifiwa kuwa ana adabu?

2. Picha humsaidiaje mtoto asiyejua kusoma?

3. Kwa nini majibu ya kompyuta peke yake hayatoshi?

4. Hapa kijijini kwetu, mtoto akisema anaogopa, sisi wakubwa humjibu nini?