Mafunzo Niliyopata Kwenye Miradi ya Maji Vijijini

Ratiba nyingi za miradi ya maji nilizokabidhiwa Tanzania ziliandikwa na watu ambao hawakuuliza mvua hunyesha lini.

1. Mvua haisomi bajeti.
Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kiangazi ndio wakati wa kuchimba mitaro. Lakini Julai fedha iko kwenye makaratasi, haiko kwenye akaunti. Ikiingia Novemba, kaskazini na pwani vuli imeshaanza; mkandarasi akijikongoja hadi Machi, masika yanamkuta. Lori la mabomba linazama, mtaro uliochimbwa jana leo kingo zimeporomoka. Halafu Juni 30 hiyo hapo, kila mtu anataka hati ya malipo isainiwe. Siku hizi manunuzi na mikataba naipangia miezi ya mvua. Uchimbaji unasubiri ardhi ikauke, wakubwa wanune wasinune.

2. Pampu kushushwa bandarini si kufika.
Msamaha wa kodi unasubiri barua, barua inasubiri saini, na gharama za kuhifadhi mzigo zinapanda. Anza kufuatilia kabla meli haijang'oa nanga huko itokako.

3. Nguvu za wananchi si za bure.
Kwenye mkutano wa kijiji mikono yote hunyooshwa. Siku ya kazi, Desemba, wanatokea wachache na majembe yao. Ripoti zitaandika "mwamko mdogo". Mimi naona mkulima amepiga hesabu sawasawa: siku asiyopanda ni debe la mahindi limekwenda. Pakiwa na msiba, hakuna anayechimba hadi mazishi yaishe, na msimamizi naye aende akazike. Watu wanaangalia.

4. Mpira mdogo huua mradi mkubwa.
Pampu ya mkono ya Afridev ilibuniwa miaka ya 1980 ili wanakijiji waifungue wenyewe kwa spana moja. Na wanaifungua kweli. Niliwahi kushikishwa mpira wa pistoni ulioliwa upande mmoja, umelainika kama ulimi. Bei yake ndogo. Duka liko mjini, na nauli inaushinda mpira wenyewe. Mweka hazina alikuwa na daftari safi la makusanyo ya ndoo, ila hakuna aliyepewa kazi ya kwenda kununua. Tangu RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ianzishwe mwaka 2019, vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji vina msimamizi anayejulikana, na hilo limesaidia. Hata hivyo, kwenye makabidhiano naomba kwanza nioneshwe vipuri vya akiba na jina la mtu wa kuvifuata. Visipokuwepo sisaini, hata kama mgeni rasmi ameshashika mkasi.