Baba Mwenye Nyumba Anaingia Kwangu Nikiwa Kazini

*Shangazi,*

*Nimepanga vyumba viwili na sebule, choo cha ndani, Tabata, kwa mzee mmoja anayeishi nyumba ya mbele. Geti letu ni moja. Nalipa kodi ya miezi sita sita na sijawahi kuchelewa. Naishi na mdogo wangu wa kike anayesoma kidato cha tatu.*

*Kwa muda sasa nikirudi kazini nakuta dalili kwamba mtu ameingia: pazia limesogezwa, stuli imehamishwa. Nilipomuuliza mzee, alikiri kwamba ana funguo za akiba na huingia kukagua umeme. Juzi aliingia mdogo wangu akiwa amelala. Hakubisha hodi. Mtoto alishtuka akamkuta yuko sebuleni na fundi.*

*Uniti zangu za LUKU nazo zinakwisha upesi kuliko zamani. Nimeona waya mpya umetoka kwenye meni swichi yangu, ukapita juu ya dari hadi fremu ya nje alikompangisha dada wa saluni. Nikiuliza, mzee anasema nyumba ni yake. Na yeye ana lake: niliweka hita ya maji ya kuoga bafuni bila kumwambia, na sasa anasema ndiyo sababu ya kuja kukagua. Nataka kubadilisha kitasa na kuukata ule waya. Nitakuwa nimekosea?*

*Mpangaji, Tabata*

Mwanangu,

Waya usiukate. Mengine yote tutayazungumza, lakini hilo nakuomba ulishike leo. Umeme huo ni wa volti 230, na hujui fundi wa mzee ameunga upande upi. Kama ameunga kabla ya meni swichi, wewe utaizima ukidhani uko salama, kumbe koleo linagusa waya wenye moto. Tena utakuwa umemwachia mzee neno la kusema kwamba umeharibu mali yake.

Unachoweza kufanya bila kugusa kitu ni hiki. Saluni ikiwa bado inafanya kazi, chomoa kila kitu kwako, zima taa zote, kisha tazama taa ndogo ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna mtu anakula uniti zako. Andika uniti zilizobaki, kaa saa moja, andika tena. Halafu zima meni swichi urudie kusoma. Zikizidi kupungua hata hapo, maungio yako kati ya mita na meni swichi. Namba hizo zipige picha kila mara, saa na tarehe zionekane. Mita yenyewe na lakiri zake ni mali ya TANESCO, asizifungue mtu, si wewe wala fundi wa mtaani.

Hasara yako ni kubwa kuliko unavyodhani. Mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa takriban shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akizidi akahamishiwa daraja la juu, uniti inakaribia shilingi 300. Nyumba ya watu wawili wasiopikia umeme yaweza kabisa kubaki chini ya 75. Ukiichanganya na draya na stima ya saluni, haibaki. Kwa hiyo hulipii umeme wa yule dada tu, hata wa kwako unaununua kwa bei iliyopanda. Mzee akitaka umeme fremuni, aombe mita nyingine TANESCO, au aweke submita upande wake.

Sasa hita yako, na hapa sitakutetea. Hita ya maji ya papo kwa papo ya kilowati tano hivi huvuta zaidi ya ampea 20. Nyaya za taa katika nyumba zetu kwa kawaida ni za milimita 1.5, na za soketi 2.5. Hita inataka waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, mnene, milimita 4 au 6, na sakiti breka yake. Inataka pia waya wa ethi, ule wa kijani na njano, unaofika ardhini kweli. Mafundi wengi huona kibomba cha bafuni kina waya wa taa karibu, wakaunga hapo hapo wakaondoka. Waya unapata joto ndani ya ukuta pasipo mtu kuona. Ethi isipokuwepo, hita ikivujisha umeme, anayesimama kwenye maji ndiye anayeupokea. Hujaniambia aliyekufungia ni nani na aliunga wapi. Mpaka ujue, hita izimwe, mchemshe maji.

Ulipaswa pia kumwambia mzee. Kubadili mfumo wa umeme wa nyumba ya mtu si sawa na kutundika pazia. Ikiwaka, inayoungua ni nyumba yake, na wewe na mdogo wako mmo ndani. Hofu yake juu ya hita ni ya haki.

Lakini hofu hiyo haimpi ruhusa ya kuingia mkiwa hampo, wala mkiwa mmelala. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya kila mtu pamoja na maskani yake, na haikusema maskani ya mwenye hati peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti akae kwa utulivu. Sheria hiyo hiyo inamtaka mpangaji amruhusu mwenye nyumba kukagua na kutengeneza, kwa saa zinazofaa na baada ya kupewa taarifa. Kwa hiyo huwezi kumfungia mlango asikague kabisa. Unachoweza kudai ni ujumbe siku moja au mbili kabla, hodi mlangoni, na wewe uwepo. Moto ukizuka au bomba likipasuka, hapo hamna cha kungoja taarifa.

Kitasa nacho usibadilishe kimyakimya. Mwambie utakibadilisha kwa gharama yako, na ufunguo wa akiba mkauweke kwa mtu mnayemwamini wote wawili, labda jirani au mjumbe, ndani ya bahasha iliyobandikwa na kusainiwa nanyi. Usiku wa leo weka komeo la ndani. Hilo halihitaji kikao.

Kisha mwendee mzee jioni akiwa ametulia. Anza na kosa lako la hita, ulitamke mwenyewe kabla hajalitaja. Pendekeza mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, si yule aliyepitisha waya wala yule aliyefunga hita, akague vyote viwili siku moja mkiwepo. Gharama ya hita beba wewe, ya waya wa saluni abebe yeye. Mkikubaliana muandike karatasi: ukaguzi utakuwaje, ufunguo uko wapi, uniti zilizoliwa zitafidiwaje kwenye kodi ijayo. Weka humo pia kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU yako kila mwezi, maana hiyo ni kodi ya mwenye nyumba.

Akikataa, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na picha zako. Wasipowapatanisha, kuna Baraza la Kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kodi endelea kulipa wakati wote huo, na risiti utunze. Ukiacha kulipa, umejiondolea mwenyewe kinga ya sheria niliyokutajia.

Kuhusu mdogo wako, mkalishe umuulize kwa upole kama kuna siku nyingine mzee aliingia, na alisema au kufanya nini. Msikilize mpaka amalize. Akikwambia jambo lolote lililomtia hofu kuliko ule mshtuko wa juzi, hilo halipelekwi kwa mjumbe wala Baraza la Kata. Nenda naye siku hiyo hiyo kituo cha polisi, uulizie Dawati la Jinsia na Watoto.