Karnotiti, vanadati ya manjano

SWALI: Msomaji wa Gakoromone, Meru, anauliza: tsavoriti ya Taita-Taveta ina vanadiamu, mbona haiitwi vanadati? Na vanadati halisi iko Afrika Mashariki?

JIBU: Kuwa na vanadiamu hakutoshi. Tsavoriti ni silikati; vanadiamu imo kidogo tu, ikiipa ule ukijani wake. Katika vanadati, vanadiamu iliyoungana na oksijeni ni sehemu ya umbo lenyewe la fuwele.

Vanadati ipo, tena karibu: karnotiti ya Manyoni na Bahi, katikati mwa Tanzania. Ina potasiamu, urani, vanadiamu na maji. Maji ya ardhini hubeba urani kutoka miamba ya itale hadi kwenye mabonde makavu. Jua linapoyakausha, unga wa manjano hubaki ndani ya chokaa. Karnotiti ni laini, ugumu wake takriban 2, hata ukucha huikwaruza.

Wataalamu hawakubaliani pa kuiweka katika uainishaji wa madini, na hapo ndipo utamu ulipo. Mfumo wa Dana huihesabu miongoni mwa vanadati. Ule wa Strunz, katika toleo lake jipya, huiweka kwenye oksidi.

Karnotiti hutoa mionzi. Atakayepewa kipande chake asikiweke nyumbani wala asivute vumbi lake. Akipeleke kwa wanajiolojia.